Mkono Uliotoka Dirishani mwa Chombo

Kazi yangu mimi ni kuwakera watu. Ndivyo wanavyosema pale studio, na sikatai. Wananiita Macho, kwa sababu nikishakiangalia kitu nimekiangalia. Mwigizaji akinywa chai kwa mkono wa kulia, tukaenda kula, tukirudi akakishika kikombe kwa mkono wa kushoto, mimi ndiye ninayepiga kelele. Kola ilikuwa imekunjwa? Ikunjwe tena. Jasho lilikuwa kwenye paji la uso? Lirudishwe, hata kama ni la maji ya bomba. Kazi hiyo inaitwa mwendelezo, na tuna utaratibu wetu: kipande kikishachukuliwa, mwongozaji hawezi kusema tuendelee mpaka ageuke kwangu na kuuliza, "Macho?" Nikisema "Inalingana," watu wanashusha pumzi. Nikisema "Hailingani," wanarudia, na hakuna anayenisemesha mpaka wakati wa chai.

Kipindi chetu kinaitwa Tumepotea Tena. Ni vichekesho vya chombo cha angani ambacho tangu kiondoke hakijawahi kufika kilikotumwa. Nahodha wake ni mwoga, kompyuta yake ina wivu, na injini yake haiwaki mpaka ipigwe teke. Chombo chenyewe tulikijenga ndani ya ghala lililokuwa la magodoro. Kuta ni za mbao nyepesi, zile nakshi za fedha ni trei za mayai zilizopakwa rangi, na kiti cha Nahodha kilitoka kwa kinyozi, ukikikalia vibaya kinakushusha taratibu mpaka chini. Waliotutazama wakiwa wadogo sasa wanatutazama na watoto wao, na bado hatujafika.

Aliyekijenga chombo hicho kwa mikono yake ni marehemu mume wangu. Kila mtu alimwita Fundi, hata mama yake mzazi. Na kwenye kipindi cha kwanza kabisa kuna mkono.

Kama umewahi kukiona, unaujua. Nahodha amekaa kwenye kiti chake na kikombe cha chai, anawahakikishia abiria kwamba chombo kizima hakina kiumbe mwingine isipokuwa wao, kwa hiyo walale usingizi. Nyuma ya bega lake kuna dirisha la mviringo. Mara mkono unatokea dirishani, unatoka huko nje angani, kusiko na hewa wala mtu. Unapapasa ukingo wa dirisha, vidole vinatikisika, kisha unarudi ulikotoka. Nahodha hajui lolote, anakunywa chai yake. Haukuwa kwenye maandishi. Tuliurusha hivyohivyo kwa sababu kipindi kilitakiwa hewani jioni ileile, na kesho yake watu walikuwa wanatoleana mikono madirishani na kupasuka mbavu. Mpaka leo ukipita sokoni na mtu akajua unafanya kazi kwetu, atakuuliza: mkono ule ni wa nani?

Ni wa mume wangu. Kidole chake cha mwisho kilikuwa kimepinda tangu kuzaliwa, kimegeukia pembeni, na hakuna mwingine mwenye kidole kama kile.

Siku ile niliwaka, jamani. Kosa likionekana kwenye picha, la kwangu hilo, hata kama limefanywa na paka. Mwongozaji wa wakati ule alinisema mbele za watu. Nami sikuwa nimeuona mkono wenyewe, maana macho yangu yalikuwa kwenye kile kikombe, nahesabu chai ilipungua mpaka wapi. Nilipouona kwenye kanda nilizunguka nyuma ya ukuta nikamkuta Fundi amechuchumaa, misumari mdomoni, ametulia kama hakuna lililotokea.

"Nini kile?" nikamuuliza. "Na kama ulikuwa unacheza, leo leo naacha kazi na wewe nakuacha."

Akaitoa misumari mdomoni, mmoja mmoja. Akanitazama. "Ukuta ulikuwa unaanguka," akasema. "Nikaushika."

Nikanywea. Ujue kwamba asubuhi ile nilikuwa nimemnunia vibaya sana. Lile dirisha la chombo unaloliona, lile la mviringo lenye ukingo wa kung'aa, ni mlango wa mashine yangu ya kufulia. Mashine mpya! Nimeitafuta kwa jasho langu, sijaizoea hata vitufe vyake, naamka asubuhi naikuta imekenua mdomo wazi, mlango hamna. Hakuniuliza. Alikuwa anatafuta dirisha la chombo, akaliona jikoni kwake, akachukua bisibisi. Nilitoka nyumbani kabla yake, sikumsubiri, na studio sikumsemesha. Ila aliponiambia ameshika ukuta, kwamba bila yeye zile mbao zingemshukia Nahodha kichwani, moyo ulilainika. Nilimsamehe mkono, nikamsamehe na mlango, siku hiyohiyo. Tena mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kutangaza: acheni kumcheka mume wangu, aliokoa chombo.

Mwaka uliofuata moyo wake ulisimama. Binti yetu alikuwa hajaota hata jino.

Picha za kutundika ukutani zipo, za harusi na nyingine za kitambulisho ambazo amekodoa macho kama mwizi. Lakini Fundi akiwa anatikisika, akiwa hai, ni ule mkono tu. Binti yangu amekua akiutazama. Alipokuwa mdogo alikuwa anasimama mbele ya televisheni na kutikisa vidole vyake sambamba na vile, mpaka akavijua kwa moyo. Mengine nilimsimulia: jinsi baba yake alivyopiga mluzi huku ana misumari mdomoni, jinsi nikinuna alivyojibanza nje ya jikoni na kupitisha mkono peke yake mlangoni, vidole vinacheza, mpaka nicheke au niuchape kwa mwiko, jinsi alivyoweka sukari kwenye chai mpaka kijiko kinasimama. Na jinsi alivyoshika ukuta. Hilo la ukuta ndilo alilolipenda kuliko yote, akiwa mtoto nilimsimulia kila alipougua.

Sasa mtoto huyo ndiye mwandishi wa kipindi chetu. Alikulia palepale studio, chini ya meza, na kichwa chake kigumu. Kwa baba yake amerithi ile tabia ya kufanya jambo kwanza na kuuliza baadaye.

Basi juzijuzi akaandika kipindi cha kusafiri kwenye wakati. Alikuja nacho nyumbani asubuhi, akaniwekea mezani karibu na mkate, akajifanya anasuuza vikombe ambavyo vilikuwa safi. Nikasoma. Nahodha anaipiga injini teke la hasira, chombo kinarudi nyuma badala ya kwenda mbele, kinatua siku ya kwanza kabisa ya safari. Nahodha mzee anajikuta amesimama nyuma ya ukuta wa chombo chake mwenyewe, na upande wa pili anajisikia mwenyewe akiongea, bado kijana, anawadanganya abiria kwamba mambo ni shwari. Nilicheka, sitasema uongo. Mahali pale kompyuta inapoona kuna kompyuta nyingine mpya kuliko yeye, na kuanza kulia, nilifuta machozi. Ndipo nikafika ukurasa unaosema kwamba Nahodha mzee anataka kumwonya Nahodha kijana asiondoke. Anapitisha mkono dirishani amshike bega. Haumfikii. Anapapasa, anatikisa vidole, anaurudisha.

Nikaufunga ule mswada.

"Umempa baba mkubwa mkono wa baba yako," nikasema. Baba mkubwa ndiye Nahodha mwenyewe, yule mwigizaji. Walikuwa marafiki na Fundi, binti yangu hajawahi kumwita vingine.

"Ni hadithi, mama. Watu wameuliza miaka yote mkono ule ni wa nani."

"Wa baba yako."

"Sisi tunajua. Wao hawajui."

"Na ukishawaambia ni wa Nahodha, nani atajua tena? Eh? Nikifa mimi, nani?"

Akaacha kusuuza. "Mama, ile kanda inakufa. Umeiona mwenyewe, imeliwa na unyevu, nusu ya picha ni chenga. Lazima tuichukue upya ile sehemu, tena kwenye ukuta uleule. Tusipoichukua sasa, mwakani hakutakuwa na mkono wa mtu yeyote."

"Kwa hiyo umfute kabisa."

"Simfuti!" Alipandisha sauti, kisha akaishusha. "Wewe ulimjua, mama. Ulikula naye, uligombana naye. Mimi nina mkono tu. Nimeuandikia kipindi kizima kwa sababu sina kingine cha kuandika juu yake."

Mtu mwenye akili angemkumbatia mtoto hapo. Mimi nilimwambia mkate unakauka. Damu ilikuwa imenichemka, na nikichemka mimi huwa nachelewa kupoa. Yaani baba yake ameacha kitu kimoja tu duniani kinachotikisika, na yeye anakwenda kumbandika nacho mzee mwenye kitambi! Sikulala vizuri mpaka siku ya kurekodi, na ilipofika nilikuwa na mpango wangu. Hakuna kipande kinachopita bila mimi kusema kinalingana. Basi hakitalingana. Nitakataa mpaka wachoke, na wakichoka watauondoa mkono kwenye hadithi, na ule wa zamani utabaki wa mwenyewe, chenga na yote.

Ukuta wa kwanza tulikuwa tumeuhifadhi nyuma ya ghala umefunikwa turubai. Walipoutoa na kuufuta vumbi nilisogea pembeni kidogo. Kazi ya Fundi naijua. Kila skrubu imekaa sawa na uso wa mbao, hata upande ambao kamera haiuoni. Na mlango wangu wa mashine upo pale pale, kioo kimetolewa, ukingo bado unang'aa. Wakausimamisha mahali ulipokuwa, kamera wakaiweka ubavuni kama siku ile. Mtoto wa kiume wa Nahodha, ambaye amechukua mashavu ya baba yake yote mawili, akakaa kwenye kiti cha kinyozi aigize ujana wa baba yake.

Siku hizi huwa nakaa mbali, mbele ya televisheni ndogo inayoonyesha kile kamera inachokiona. Siku hiyo nilikikataa kiti changu cha huko. Nilichukua kigoda nikakaa palepale nilipokaa siku ya kwanza, karibu kabisa, nimeelekeana na dirisha. Nilitaka nikikataa, nikatae kwa haki.

"Mama Macho umejiandaa?" akauliza mwongozaji. Ni kijana mpole, huyu wa sasa. Aliingia kwenye kazi hii kwa sababu ya kipindi chetu, na bado anatuogopa sisi wazee.

"Mimi najiandaa tangu hujazaliwa," nikamwambia.

Nahodha akaenda nyuma ya ukuta. Taa, kimya, anza. Kijana akainua kikombe, akawatuliza abiria. Mkono ukatokea dirishani, mnene, vidole vifupi, ukapapasa kama unatafuta miwani kitandani.

"Kata! Macho?"

"Hailingani. Mnene."

Wakamvisha mkono mrefu wa shati ufiche unene. Mkono ukatokea.

"Hailingani. Ana alama ya pete."

Wakaipaka alama poda. Mkono ukatokea tena.

"Hailingani. Vinyweleo."

"Mama Macho, vinyweleo vinaonekana?" mwongozaji akauliza, anakaribia kulia.

"Mimi nimeviona. Mimi si mtu?"

Wakanyoa vinyweleo. Sasa kumbe muda wote huo mkono wa watu unavimba kwa kupitishwa na kutolewa kwenye mlango wa mashine, na safari hii ulipotoka haukurudi. Ukabaki dirishani, unatikisika. Kijana kitini akaendelea kunywa chai akidhani ndiyo mchezo. Sauti ikatoka nyuma ya ukuta: "Jamani, nimenasa." Ghala zima lilikaa chini kwa kicheko. Ilibidi iletwe sabuni ya vyombo, na mwandishi wetu mwenyewe akampaka baba yake mkubwa mpaka kiwiko huku akimbembeleza. Mimi sikucheka. Nilitaka sana, lakini nilijizuia.

Nahodha alipotoka, alikuja moja kwa moja kwangu. Mkono mwekundu, unadondosha povu. Akatafuta ndoo, akaigeuza, akaikalia kando ya kigoda changu.

"Shemeji," akasema polepole, wengine wasisikie. "Niambie ukweli. Mkono wangu una kosa gani?"

Nilikuwa na makosa mengi ya kumtajia, nimeyapanga. Yalinitoka kichwani yote. "Si wake," nikasema.

"Najua si wake. Unadhani sijui? Miaka yote hii watu wananinyoshea mkono barabarani wanicheke, na kila wakininyoshea namkumbuka yule bwana. Mimi kiti hiki kiliposhuka nami mbele ya wageni, kila mtu alicheka, yeye peke yake ndiye aliyekuja na bisibisi." Akajifuta povu kwenye suruali. Suruali ya kurekodia, na nikamwacha. "Sitaki mkono wake. Lakini huo wa zamani unaondoka, shemeji, upende usipende. Na humu ndani upo mmoja tu unaofanana nao. Huo hapo umeshika ndoo ya sabuni."

Nikageuka. Binti yangu alikuwa amesimama kando ya ukuta, mikono imelowa, ndoo inaning'inia kwenye vidole. Kidole cha mwisho kimegeukia pembeni.

Mimi ninayeitwa Macho! Kidole kile nimekikata kucha, nimekipaka dawa kilipobanwa na droo, nimekifundisha kushika penseli. Nimekiona kila siku ya maisha yake, na sikuwahi kukiweka kwenye dirisha lile hata kwa mawazo. Nahodha akamwita kwa kichwa, akamnong'oneza. Binti yangu akanitazama mimi kwanza. Ni mara ya kwanza mtoto huyu kuniuliza kabla ya kufanya jambo, na aliuliza kwa macho tu. Nikainua mabega, maana yake fanya unavyotaka, ila nisisikie makosa.

Akakunja mkono wa shati akaingia nyuma ya ukuta. Tukasikia anagonga mbao.

"Mama?"

"Nini tena?"

"Huu ukuta mbona una miguu mipana hivi? Nausukuma hata hautikisiki."

"Usimalize nguvu, rekodi."

"Nauegemea na mwili mzima, mama. Hauanguki huu. Baba aliushika wa nini?"

"Siku ile ulikuwa mpya," nikasema, jibu la kijinga, na nilijua ni la kijinga wakati linanitoka. Mbao mpya ndizo zinazosimama.

"Na huku nyuma huoni kitu," akaendelea, sauti imebadilika kidogo. "Sioni kamera, sioni kiti. Kwenye hili tundu la dirisha nakuona wewe tu na kigoda chako."

"Kimya!" akasema mwongozaji. "Taa. Anza."

Kijana akainua kikombe. Akawaambia abiria kwamba chombo kizima hakina kiumbe mwingine isipokuwa wao. Sikukitazama kikombe. Nilitazama dirisha.

Mkono ukatoka.

Ulikuwa wenyewe. Ule mfupa wa kiganja, ile namna ya kutanguliza vidole viwili, kile kidole kilichogeuka. Alikuwa anaufuata mkono wa kanda kama alivyokuwa akiufuata utotoni, hajakosea hata kidogo. Lakini kwenye kanda tumeuona siku zote kwa ubavu, kamera ilipokaa, na kwa ubavu unaonekana mkono unaopapasa, unaotafuta pa kushika. Mimi sasa nilikuwa nimekaa mbele yake. Mkono ulioelekezwa mbele haukuwa unapapasa kitu. Vidole vilikuwa vinacheza. Vinacheza kimoja baada ya kingine, kwenda na kurudi, vinaninyemelea, vinangoja nifanye nini, vilevile kama vilivyocheza kwenye mlango wa jikoni kwangu kila niliponuna.

Loo, Fundi.

Hakukuwa na ukuta wowote ulioanguka. Nilitoka nyumbani bila kumsubiri, hakupata mlango wa jikoni wa kuniombea radhi, akaja kuniomba kwenye mlango uleule alioniibia. Mbele ya kamera, kazini, mpuuzi yule. Nami macho yangu yako kwenye chai ya mtu. Halafu nikamfuata nyuma na kumwambia kama ulikuwa unacheza nakuacha, ulitaka aseme nini? Akasema ukuta. Nikamsamehe kwa ajili ya ukuta, nikamsifia kwa watu wote, na yeye akaona afadhali anyamaze, maana msamaha alikuwa ameshaupata. Akanyamaza na siri yake mpaka kaburini. Na mtoto nimemlea na ule uongo, namsimulia akiwa na homa.

Vidole vilikuwa vinakaribia kurudi ndani. Kwenye kanda huwa vinakunjika, kisha mkono unaondoka. Nikaviona vinaanza kukunjika.

Sikufikiri. Niliinuka kwenye kigoda nikaushika. Niliushika kwa mkono wangu huu, wenye penseli bado katikati ya vidole, mbele ya kamera, mbele ya taa zote, nikaubana. Nao ukashtuka kidogo, kisha ukanibana.

Hakuna aliyesema kata. Mtoto wa Nahodha, Mungu amjalie, hakugeuka. Alikunywa chai yake mpaka ikaisha, huku nyuma ya bega lake mikono miwili imeshikana kwenye dirisha la chombo, mmoja unatoka angani na mwingine haijulikani unatoka wapi. Mtu mmoja kwenye taa alianza kucheka, kisha akaacha. Nilikuwa nalia, nasema wazi, nalia na pua na kila kitu.

"Kata," mwongozaji akasema hatimaye, kwa sauti ndogo. Kila mtu pale ndani ameiona ile kanda tangu utoto wake, kila mtu anajua mkono ni mmoja. Akageuka kwangu kwa sababu utaratibu ni utaratibu. "Macho?"

Mimi ndiye niliyemrudisha mtu nyumbani akabadilishe soksi ambazo hazionekani. Kila mtu alikuwa ananitazama, na mwongozaji alikuwa ameshainua mkono kuwaambia warudie.

"Inalingana," nikasema.

Binti yangu alitoka nyuma ya ukuta ananishangaa, mkono ameushika kwa mkono mwingine. "Mama, umeingia kwenye picha."

"Nimeingia. Andika ulivyoandika, ni Nahodha anajionya mwenyewe, na huo mwingine ni wa mkewe anamwambia aache uoga. Utajua mwenyewe, mwandishi ni wewe."

"Lakini imetokea nini?"

Nahodha alikuwa amesimama nyuma yake na povu lake. Nikamwambia mwanangu. Nilimwambia palepale, wanaosikia wasikie: kwamba baba yake hakuokoa chombo chochote, ukuta hata haukutikisika. Nikamwambia ni nini alichokuwa anafanya, na alikuwa anamfanyia nani. Nilidhani atahuzunika, maana ukuta ndio aliokuwa anaupenda. Aliutazama mkono wake, akavichezesha vidole taratibu, sasa akijua vinasema nini. Akaanza kucheka. Akacheka mpaka akakaa kwenye kiti cha kinyozi, nacho kikamshusha taratibu mpaka chini.

"Alikuwa anakuomba msamaha mbele ya nchi nzima," akasema kutoka huko chini, anafuta machozi. "Na hukumwona!"

"Nimemwona leo."

"Ukampa?"

"Si umeona nimempa. Umeumia vidole wewe mwenyewe."

"Na mlango wa mashine?"

Nikautazama pale ukutani. Ukingo bado unang'aa, ulikuwa mlango mzuri sana ule. Kwa miaka nilifulia kwenye beseni kwa sababu yake.

"Na mlango," nikasema. "Ila angeniuliza kwanza."